Kupambia Chakula kwa Majani ya Kunukia: Maana Yake na Inavyofanya Kazi

Kupambia chakula ni kuweka kitu juu au kando ya chakula kilichokwisha kuiva, muda mfupi kabla ya kuliwa, ili kipendeze machoni na kikolee mdomoni. Kitu chenyewe mara nyingi huwa kibichi: dania iliyokatwakatwa (Tanzania utaisikia ikiitwa kotmiri au giligilani), nanaa, kitunguu cha majani, kipande cha ndimu, pilipili mbichi au kachumbari. Vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyekundu, vile vinavyomwagwa juu ya biriani, navyo vimo. Kupendeza na kukolea ni kazi moja. Kisicholeta ladha wala harufu hakina haki ya kukaa kwenye sahani, hata kiwe kizuri namna gani.

Mfano wa pambo lisilo na kazi ni lile tawi la pasili linalolazwa pembeni ya sahani za hotelini. Mlaji hulisukuma kando, sahani hurudi jikoni, tawi hutupwa. Kosa si la pasili. Huko Milano, Italia, majani hayohayo hukatwa madogo sana yakachanganywa na kitunguu saumu na ganda la limau lililokwaruzwa, mchanganyiko uitwao gremolata, kisha hunyunyizwa juu ya ossobuco, nyama ya muundi wa ndama iliyopikwa polepole kwa saa kadhaa. Nyama hiyo ni laini na ina uboho mzito. Ukali wa ganda la limau na ubichi wa pasili huukata ule uzito, na ukiziondoa chakula kinapoteza nusu ya utamu wake.

Swali ambalo wapishi wapya huuliza sana ni kwa nini majani haya yatiwe mwishoni. Harufu ya jani laini imo ndani ya mafuta mepesi ambayo moto huyarusha hewani au kuyavunja. Ukitia dania sufuriani mchuzi ukiwa bado unachemka nusu saa nzima, jiko zima litanukia, lakini ndani ya mchuzi kitabaki kijani kilichofifia kisichosema chochote. Nanaa na rihani ni hivyohivyo. Majani magumu ni habari nyingine: rozmari, thaimu na mchaichai huhitaji muda na moto ili yaachie ladha yao, kwa hiyo hutiwa mapema. Ukishajua jani lako liko upande gani, umeshajua nusu ya kazi.

Tutazame samaki wa kupaka. Fungu la dania huwa na sehemu mbili, na zote zina kazi. Mashina yana harufu kali kuliko watu wanavyodhani, nayo hustahimili moto. Basi yaponde kinuni pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na chumvi, umpake samaki kabla hajaenda kwenye makaa. (Wathai huenda mbele zaidi: huponda hata mizizi ya dania pamoja na saumu na pilipili manga, wakaufanya msingi wa vyakula vyao vingi.) Samaki akishaiva na akapakwa tui zito lenye ukwaju, mwondoe motoni kwanza, kisha ndipo unyunyize majani yaliyokatwa. Joto la tui linatosha kuyalegeza kidogo bila kuyapika. Harufu inapanda na mvuke, na mlaji anaipata kabla hajamega tonge la kwanza. Kijani juu ya tui la manjano kinapendeza pia, lakini uzuri huo umekuja wenyewe kwa kuwa ladha iliwekwa mahali pake.

Kachumbari nayo wengi huihesabu kama kitoweo cha pembeni tu, ilhali kwangu ndiyo pambo kamili kuliko yote tuliyo nayo. Pilau ina mafuta, nyama, bizari nzima, mdalasini, iliki na karafuu. Baada ya matonge machache ulimi unachoka. Kachumbari inauamsha: nyanya ina maji na utamu, kitunguu kina mkwaruzo, ndimu ina uchachu, pilipili inachoma, dania inanukia. Ila itengenezwe vizuri. Kitunguu kikatwe chembamba, kisuguliwe kwa chumvi na kuoshwa ili ule ukali unaotoa machozi upungue. Nyanya iingie baadaye, na ndimu iwe ya mwisho kabisa, kwani kachumbari iliyokaa muda mrefu na chumvi na ndimu hutoa maji mengi na kulegea. Watu wa Meksiko wana ndugu yake wa karibu: juu ya taco, yaani chapati ndogo ya mahindi iliyotiwa nyama, huweka kitunguu kibichi, dania na ndimu, kwa sababu ileile ya kukata mafuta ya nyama.

Vipi basi lile tawi la nanaa linalochomekwa kwenye glasi ya sharubati? Halitafunwi, lakini pua ya mnywaji iko papo hapo juu ya glasi, na kila anapokunywa anavuta harufu yake. Hilo limeistahili nafasi yake. Lipige kofi moja jepesi kati ya viganja kabla ya kulichomeka, harufu itatoka zaidi. Rihani kwetu Pwani imezoeleka zaidi kwenye kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia, pamoja na asumini kuliko kwenye chakula, ingawa juu ya nyanya iliyokatwa ni tamu mno na ningependa tuitumie zaidi.

Kukata nako kuna adabu yake. Osha majani kwenye bakuli la maji mengi, uyainue, umwage maji yenye mchanga, urudie hadi maji yawe safi, kwa kuwa haya yanaliwa mabichi na hakuna moto wa kuua vijidudu. Kisha yakaushe kwa kitambaa safi. Jani lenye maji hugandana na kuwa tope ubaoni. Tumia kisu kikali. Kisu butu huliponda jani badala ya kulikata, na nanaa au rihani iliyopondeka huwa nyeusi muda si mrefu. Fungu la dania lililobaki lisimamishe kwenye glasi yenye maji kidogo, ulifunike kwa mfuko, uliweke frijini. Rihani isiingie humo, maana baridi huibabua ikawa na madoa meusi. Iache mezani, kwenye maji.

Liko jambo moja zaidi ambalo mwenyeji mwema hulizingatia. Wapo watu ambao dania kwao ina ladha ya sabuni, wala hawajidai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliihusisha hali hiyo na eneo la jeni za kunusa lenye jeni iitwayo OR6A2, inayohisi kwa wepesi kemikali za jamii ya aldehidi zilizomo ndani ya jani hilo. Kumlazimisha mtu wa aina hiyo, au kumwambia atazoea, ni kumwonea. Wairani wana desturi inayolitatua tatizo hili vizuri: katikati ya meza huwekwa sahani ya majani mabichi, nanaa, rihani, tarragon, figili na kitunguu cha majani, kila mmoja akajichumia ayapendayo akala na mkate na jibini. Ukiwa na wageni usiowajua, dania iweke kwenye bakuli lake kando ya mchuzi, na kijiko ndani yake.