Je, wajua kwa nini drili na betri mbili huuzwa karibu bei ya betri mbili peke yake?

Ukipita maduka ya hadiwea Kirinyaga Road, ama uingie Jumia msimu wa Black Friday, utaiona hii kitu: drili ya betri iko ndani ya boksi na betri mbili, chaja na mkoba wake, alafu pale kando betri ile ile ikiwa peke yake inaulizwa karibu nusu ya bei ya boksi lote. Ukijumlisha betri mbili tu ushafika bei ya seti. Sasa drili na chaja ni za bure ama?

Jibu liko pale betri inapoingilia. Zile reli ambazo betri inateleza nazo kwa mashine kampuni nyingi zimezikata kivyake, betri ya Makita haikubali kuingia DeWalt, ya DeWalt haiingii Bosch, na hata Bosch yenyewe zile za bluu za mafundi na zile za kijani za nyumbani za volti 18 hazibadilishani betri. Kwa hivyo ukishakuwa na betri mbili na chaja za kampuni fulani, siku ukitaka grainda utanunua ya hao hao, bodi tupu bila betri, manake kuanza upya kwingine ni kulipia betri mara ya pili. Hapo ndipo faida iko. Ni kama dikoda ya TV, inauzwa bei ya chini juu pesa yenyewe itakuja na malipo ya kila mwezi. Laini ya Makita ya volti 18 inaitwa LXT ilianza 2005 na mpaka leo mashine mpya za laini hiyo bado zinatoka, mwenye aliingia mapema hana haja ya kuhama.

So ofa yenyewe mara nyingi si uongo, shida ni betri gani imewekwa ndani. Seti nyingi za bei nzuri zinakuja na betri ndogo, 1.5Ah ama 2.0Ah (Ah ni ampea-saa, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), na muuzaji anakuambia tu "iko na betri mbili boss". Chukua volti uzidishe na hiyo Ah, unapata wati-saa, yaani moto wote ulio ndani. 18 mara 2 ni 36. 18 mara 5 ni 90. Betri moja ya 5.0Ah inashinda mbili za 2.0Ah, na hivyo ndivyo mi hulinganisha ofa mbili: bei gawanya kwa wati-saa zote za kwenye boksi, alafu ndio naangalia mashine. Kwa drili ya kufunga skrubu za kabati 36 inatosha kabisa. Lakini grainda ikivuta wati 600 hivi, hiyo 36 inaisha chini ya dakika nne, fundi wa geti hata hajamaliza kukata mabomba. Seti ya drili na grainda na betri mbili za 1.5Ah imepangwa ili urudi kununua betri kubwa.

Na usidanganywe na volti. Seli moja ya lithiamu, zile betri ndogo zimepangwa ndani ya betri kubwa, ni volti 3.6 kawaida, ikijaa kabisa ni 4.2. Zikipangwa tano mfululizo unapata 18, zikijaa 21. Kwa hivyo 18V, 20V Max na 21V ni kitu kimoja kimeandikwa kwa njia tatu, DeWalt wenyewe wanauza betri ile ile Marekani ikiwa 20V Max na Ulaya ikiwa 18V. Alafu kuna zile zimeandikwa 48V, 88V, sijui 128V, zingine na jina la Makita juu, na ukifungua ndani unakuta seli tano zile zile. Betri za Makita za kawaida ni za volti 12, 18 na 40, sasa hiyo 88 imetoka wapi?

Ah nayo inadanganywa, ila hiyo haikimbii mizani. Seli ya kawaida ya saizi inayoitwa 18650 ina gramu kama 45, na betri ya kweli ya 4.0Ah inataka kumi za hizo ama tano za zile nono za saizi ya 21700, kwa hivyo seli peke yake zinaanzia karibu gramu 350, hata kabla uhesabu plastiki. Omba mwenye duka la nafaka hapo karibu akuwekee kwa mizani yake ya dijitali, ikisoma 280 hiyo "4.0Ah" ni mapambo.

Kwa vitu vingine sikai sana. "Seti ya vipande 100" sana sana ni biti laini zinazopinda kwa skrubu ya kwanza, wala usizihesabu, na tochi nayo hesabu tu kama ungeinunua. Mota uliza kama ni brashilesi, yaani haina zile brashi za kaboni zinazosuguana ndani, manake seti za ofa hupenda kujazwa zile za brashi, finya switchi uchungulie matundu ya nyuma, ukiona cheche za bluu ni ya brashi. Si mbaya kwa kazi ya nyumbani, ila kwa betri ile ile ya brashilesi inafanya kazi zaidi. Mafundi wengine huchanga wawili wakanunua seti kubwa, mmoja akachukua drili na betri, mwingine grainda na betri, na chaja wakaazimana, na hapo ndio seti inatoka bei poa kweli.

Chaja igeuze usome nyuma. Ikitoa 0.4A, betri ya 2.0Ah itakaa masaa matano na zaidi, ya 4.0Ah ulale uamke. Na seti za kutoka Marekani, zile watu huja nazo kwa begi, nyingi chaja yake imeandikwa 120V peke yake, ukichomeka kwa 240 ya hapa inaweza kulipuka hapo hapo, kwa hivyo kabla ujibu hiyo ofa ya rafiki ya mtu tafuta kwanza chaja ya 240 ya hiyo kampuni ni ngapi hapa Nairobi, uitoe kwa bei.