Gunia, plasta na shanga: sanaa ya Glasgow ya miaka ya 1890

Ukiitazama The May Queen kwa mbali, utadhani ni mchoro wa rangi tu: malkia kasimama katikati, wanawake wamemzunguka. Sasa isogelee. Ile mistari haikupigwa kwa brashi. Ni kamba nyembamba zilizolazwa juu ya gunia lililopakwa plasta, na kati yake zimepachikwa shanga za kioo. Margaret Macdonald aliitengeneza mwaka 1900, ina upana wa zaidi ya mita 4, ili ipambe ukuta wa chumba cha wanawake katika mgahawa wa chai wa Kate Cranston, Mtaa wa Ingram, Glasgow, Uskoti.

Sanaa ya Uskoti ya wakati huo ikitajwa, jina linalotangulia ni la msanifu majengo Charles Rennie Mackintosh na viti vyake vyenye migongo mirefu. Ana haki yake. Lakini sisi tunaoshughulika na makumbusho huwa tunamwomba mgeni aanzie kwenye sindano, yaani kazi ya kudarizi.

Glasgow ilikuwa mji wa meli na chuma, na pesa ilikuwepo. Francis Newbery aliposhika uongozi wa Shule ya Sanaa mwaka 1885, wanawake walipata nafasi kubwa ya kusoma. Margaret na mdogo wake Frances walisoma mchana. Mackintosh na Herbert MacNair, waliokuwa wakichora ramani katika ofisi ya wasanifu majengo, walikuja jioni. Newbery aliona kazi zao zinafanana, akawakutanisha. Watu waliokonda na kurefuka katika michoro yao wakawapatia jina la utani: shule ya mizuka.

Mwaka 1894 Jessie, mke wa Newbery, alianzisha darasa la kudarizi. Hapo mwanafunzi hakunakili ruwaza ya mtu, alibuni yake. Waridi maarufu la Glasgow lilishonwa hivi: kipande cha kitani cha rangi ya waridi kinakatwa mviringo, kinashonewa juu ya kitambaa, kisha mishono michache inachora petali. Basi. Kitambaa cha bei nafuu kilitosha.

Margaret na Mackintosh walioana mwaka 1900, na mwaka huohuo The May Queen ikaonyeshwa Vienna. Mwaka 1927 Mackintosh alimwandikia mkewe kwamba katika kazi zake zote za usanifu, yeye Margaret alikuwa nusu, kama si robo tatu.