Je, wajua kwa nini nikeli iliyobebwa na kaboni monoksaidi ni sumu kuliko gesi yenyewe?

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hushika atomu za chuma zilizo ndani ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na ushei, na mtu hukosa oksijeni huku anapumua. Hayo wengi wameyasikia. Lakini chuma si metali pekee inayopendwa na gesi hii. Ikikutana na nikeli safi iliyosagwa laini, huinyanyua atomu moja moja na kuondoka nayo angani.

Jambo hili liligunduliwa kwa sababu ya vali mbovu. Ludwig Mond, mkemia mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa na kiwanda cha magadi huko Winnington, Uingereza, alitumia vali za nikeli kwenye mitambo yake. Katika maabara zilifanya kazi vizuri, ila kiwandani zilivuja na kugandwa na ukoko mweusi wa kaboni. Tofauti ilikuwa gesi iliyopita kwenye vali: ile ya kiwandani ilikuwa na kaboni monoksaidi kidogo. Mond na wenzake, Carl Langer na Friedrich Quincke, wakaanza kupitisha gesi hiyo juu ya unga wa nikeli uliopashwa moto. Iliyobaki waliichoma mwishoni mwa bomba ili isiwadhuru. Bomba lilipokuwa linapoa, mwali ule hafifu ukang'aa ghafla. Wakapasha moto neli ya kioo iliyopitisha gesi, na ndani yake pakajipaka nikeli inayometa kama kioo cha kujitazamia.

Walitangaza ugunduzi huo mwaka 1890. Kitu chenyewe ni kabonili ya nikeli: atomu moja ya nikeli iliyozungukwa na molekuli nne za kaboni monoksaidi. Kwa kuwa metali imefunikwa pande zote, molekuli hizo hazishikani sana zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana kinachopatikana ni kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 43 tu za Selsiasi. Hutengenezwa kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi. Ukikipasha zaidi ya 200, kinavunjika na kuacha nikeli safi. Kwa Mond hiyo ilikuwa biashara, na mwaka 1902 kiwanda cha kusafisha nikeli kwa njia hiyo kilifunguliwa Clydach, Wales.

Wafanyakazi wakaanza kuugua, na wengine wakafa. Ungemshuku nani? Mshukiwa wa kwanza alikuwa kaboni monoksaidi, kwa kuwa dalili za mwanzo zinafanana: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu. Mgonjwa akitolewa nje hupata nafuu, hata akajiona amepona. Hapo ndipo penye mtego. Saa 12 hadi 36 baadaye kifua hubana, kikohozi kikavu huanza, pumzi hukatika, na kifo kinaweza kuja siku kadhaa baadaye. Kaboni monoksaidi haina kawaida ya kushambulia mapafu namna hiyo.

Mtafiti H. W. Armit alilichunguza suala hili kwa majaribio ya wanyama, akachapisha matokeo yake mwaka 1907 na 1908. Alionyesha kuwa muuaji ni nikeli. Kabonili huvunjika mapafuni na kutandaza metali kwa utando mwembamba mno, mahali ambapo vumbi la kawaida la nikeli lisingefika kwa urahisi. Kaboni monoksaidi ni mbebaji tu. Hata hesabu inakubali: Marekani, kikomo cha kisheria kazini kwa kaboni monoksaidi ni sehemu 50 katika milioni ya hewa, na kwa kabonili ya nikeli ni sehemu 0.001, yaani mara 50,000 chini. Kwa kiasi hicho, molekuli nne za gesi zilizomo ndani ya kila kabonili hazina madhara ya maana.

Vipimo navyo vinatofautiana. Aliyevuta kaboni monoksaidi hupimwa damu na kupewa oksijeni. Aliyevuta kabonili ya nikeli hupimwa mkojo, kwa sababu nikeli hutokea huko: chini ya maikrogramu 100 kwa lita katika saa nane za kwanza huhesabiwa kuwa sumu nyepesi, juu ya 500 ni hali mbaya. Kipimo hicho kinatokana na kazi ya daktari F. William Sunderman, aliyechunguza pia ajali ya mwaka 1953 kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta huko Port Arthur, Texas, ambako zaidi ya watu 100 waliivuta na wawili wakafariki.

Sufuria au sarafu yako isikutie hofu. Nikeli ya namna hiyo haipeperuki. Wanaopaswa kujihadhari ni mafundi wa mitambo yenye vichocheo vya nikeli, yaani nikeli inayotumika kuharakisha mabadiliko ya kikemia. Wanapoizima, huhakikisha kaboni monoksaidi yote imefukuzwa kwa naitrojeni kichocheo kikiwa bado cha moto, kwa sababu hatari huanza pale kinapopoa.