Homoni ya mmea si "kichocheo" kila mara

Juzi nimesoma tena kwamba wakulima wa zabibu huko Ohio, Marekani, "wanapulizia mizabibu vichocheo vya ukuaji isife kwa baridi". Ingekuwa hivyo, wangekuwa wanaiua wenyewe, maana baridi huua mmea ambao bado unakua.

Kinachopuliziwa ni asidi absisiki, homoni (kemikali ya kuongoza kazi za mwili) ambayo mzabibu hujitengenezea. Ikipigwa majanini wakati zabibu zinabadilika rangi au baadaye kidogo, mmea hulala mapema, yaani huacha kukua, na macho yake (vitumba vya kuchipulia) huweza kuhimili baridi zaidi kwa nyuzi moja au mbili. Maana ni hiyo tu.

Kinachonikera ni neno. Kuchochea ni kusukuma kuni mekoni moto uwake. Lawama si yetu peke yetu: Mwingereza Ernest Starling, aliyeanza kutumia neno homoni mwaka 1905, alilitoa kwenye kitenzi cha Kigiriki cha kutia mwendo. Yeye alikuwa akizungumzia miili ya wanyama. Sisi tukashika "kichocheo", tukakibandika hata kwa homoni ambayo kazi yake ni kuzitoa kuni.

Jina la asidi yenyewe nalo limepotea njia. Asili yake ni Kilatini cha kukata. Miaka ya 1960 mtafiti Addicott na wenzake, California, waliipata wakichunguza kwa nini matunda machanga ya pamba hudondoka. Mtafiti mwingine, Wareing, kule Wales, akapata kitu kilekile kwenye majani ya mti, akakiita dormini, yaani cha usingizi. Likashinda jina la kukata. Kumbe kudondosha ni kazi ya ethilini zaidi, homoni nyingine ya mimea! Wareing ndiye aliyekaribia.

Maana usingizi ndio siri yote. Mzabibu unaolala hukausha macho yake na kuyajaza sukari kama rafinosi, na maji yaliyobaki humo hukaa bila kuganda hata chini kabisa ya sifuri. Kwa hiyo dawa hupigwa majani yakiwa bado kijani. Usiku wa baridi kali yameshapukutika, hakuna pa kuipokea. (Wa Dodoma, mnaovuna mara mbili kwa mwaka, hili haliwahusu.)

Basi ndugu mwandishi, "homoni" inatosha. Ukitaka Kiswahili zaidi, andika "kidhibiti ukuaji". Kudhibiti ni pamoja na kuzuia.