Saa za zamu si saa za mafunzo

Muuguzi mwingine amenionyesha tangazo la shahada ya uzamili ya uuguzi inayosomwa mtandaoni, akanieleza yale yale ninayoyasikia kila msimu wa udahili: "Hii itanifaa, maana wodini nipo kila siku. Saa za kliniki zitajihesabu zenyewe nikiwa kazini." Hazitajihesabu. Saa za kliniki ni saa za mafunzo kwa vitendo, chini ya msimamizi, ambazo shahada inazidai. Mimi husimamia wanafunzi wa uzamili wanapokuja kliniki, kwa hiyo mzigo wa kumwambia mtu aliyekwisha kulipa ada kwamba zamu zake zote za usiku hazimwongezei hata dakika moja kwenye daftari lake la mafunzo huniangukia mimi. Nimechoka kuubeba, ndiyo maana naandika.

Ukiwa zamu umeajiriwa kama muuguzi. Una wagonjwa wako, dawa za kutoa kwa wakati, na ripoti ya kukabidhi. Anayesomea kuwa muuguzi wa ngazi ya juu, yule atakayepima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa, anafundishwa jukumu jingine kabisa. Anachukua historia ya mgonjwa tangu mwanzo, anaorodhesha magonjwa yanayowezekana, anaamua kipimo kipi kifanywe na kipi kiachwe, kisha anasimama mbele ya msimamizi kutetea uamuzi wake. Hayo huyafanyi huku kengele ya kitanda cha pili inalia na wewe ndiye unayetegemewa kuiitikia. Tena leseni unayolipiwa mshahara inakuruhusu kutenda yaliyo ndani yake tu. Ukiwa na uzoefu wa miaka ishirini utaelewa haraka kuliko wenzako, na hilo ni jambo kubwa, lakini saa bado zinaanzia sifuri.

Wapo wanaonijibu kwamba wao wanasomea uongozi au ualimu wa uuguzi, hivyo hayo hayawahusu. Yanawahusu. Baadhi ya vyuo humruhusu mwanafunzi kufanyia mradi wake wa mafunzo kwa vitendo kwa mwajiri wake, ila malengo, msimamizi na muda lazima vitenganishwe na kazi anayolipwa. Kupanga ratiba ya zamu ya wodi yako, kazi uliyokuwa ukiifanya tangu zamani, si mradi.

Sasa tupige hesabu, kwa kuwa matangazo hayaipigi. Marekani, mwongozo wa mwaka 2021 wa AACN, chama cha vyuo vya uuguzi, unataka angalau saa 500 za mafunzo kwa vitendo katika ngazi ya juu, uongozi ukiwemo. Kwa wanaosomea kutibu, viwango vya kitaifa vya mwaka 2022 vilipandisha kiwango cha chini hadi saa 750 za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja. Ukitenga siku moja ya saa 8 kila wiki, saa 750 zinakula wiki 94. Ukitenga siku mbili, ni wiki 47. Kliniki nyingi hufunguliwa mchana wa siku za kazi, saa zile zile ambazo mwajiri wako naye anakuhitaji. Chuo cha nchi nyingine kinaweza kuwa na idadi nyingine. Iulize, kisha uigawe kwa siku ulizonazo kweli, si kwa siku unazotamani kuwa nazo.

Upande wa nadharia una mtego wake. Kwa kipimo cha kawaida cha Marekani, krediti moja, yaani kizio cha kupimia uzito wa kozi, hudai saa 1 ya darasa na saa 2 za kujisomea kila wiki, kwa muhula wa takriban wiki 15. Kozi ya krediti 3 basi ni saa 9 kwa wiki. Chuo kikiibana kozi hiyo hiyo katika wiki 8 na kuiita njia ya haraka kwa wenye kazi, unakaribia saa 17 kwa wiki. Mzigo ni ule ule, umebanwa tu. Mtu wa zamu za saa 12, mara tatu kwa wiki, anaweza kozi moja ya namna hiyo. Mbili kwa pamoja zinavunja watu wenye akili nzuri kabisa.

Ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba programu imekaguliwa na kufikia viwango, nitaigusa kwa kifupi: kama haipo, acha. Leseni nayo: liulize baraza la uuguzi la mahali utakapofanyia kazi kama shahada hiyo wanaitambua, na ukiulize chuo kama kina ruhusa ya kuweka wanafunzi kliniki mahali unapoishi. Majibu yote mawili yawe kwa maandishi, kabla ya ada.

Kinachonikera zaidi ni suala la nani anamtafuta msimamizi. Vyuo vingine vina ofisi inayofanya kazi hiyo na mikataba na hospitali. Vingine vinamwachia mwanafunzi apige simu kliniki hadi kliniki, na wengine wanaishia kulipa mtu awatafutie. Nimeona wanafunzi hodari wakisimama muhula mzima, nadharia wameimaliza, kwa sababu hakuna aliyewakubali. Chuo kinachokuuzia shahada ya kliniki bila kliniki kimekuuzia nusu, hata ada yake iwe nafuu namna gani.

Kuna jambo linanisumbua hata hivyo. Naitetea idadi ya saa, lakini siamini sana kwamba idadi ndiyo inayompika muuguzi. Nimesimamia mwenye saa nyingi aliyezipitisha akitazama mgongo wa msimamizi wake, na mwenye saa chache aliyeona wagonjwa wagumu na kuulizwa maswali magumu kila siku. Wa pili ndiye ningemkabidhi mgonjwa. Saa ni kitu rahisi kuhesabu, na nahofia hiyo ndiyo sababu kubwa ya sisi kuzihesabu. Kwa hiyo ukikiandikia chuo, usiishie kwenye idadi. Uliza msimamizi mmoja hupewa wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja, nani wa chuoni humtembelea mwanafunzi kliniki na mara ngapi, na nini hutokea msimamizi akijitoa katikati ya muhula. Kisha nenda kwa mkuu wa wodi yako na hesabu ya wiki mkononi, umuulize ni siku ipi atakuachia.