Pumu ya farasi: yanayosemwa zizini na ukweli wake

"Kukohoa mara mbili tatu mazoezi yakianza ni kawaida, anasafisha koo tu." Si kweli, huenda ni dalili ya pumu, na maneno haya yameumiza farasi wengi. Farasi hakohoi ovyo. Wengi wenye pumu nyepesi hata hawakohoi. Huchelewa kurudisha pumzi baada ya mbio, wakaitwa wavivu. Mtazame akiwa ametulia: farasi mzima huvuta pumzi mara 8 hadi 16 kwa dakika. Aliyezidiwa hutanua pua na kukaza tumbo ili kutoa hewa, hata msuli ukachora mstari ubavuni.

"Ni maambukizi, mchome antibayotiki." Pumu haiambukizi wala haileti homa. Huku kwetu, hata hivyo, pima joto kwanza. Homa pamoja na kuhema kwa shida huenda ikawa ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, nao huua upesi. Muite daktari wa mifugo usiku huohuo.

"Kifua kimesikilizwa, kiko safi." Kusikiliza hakutoshi. Daktari huosha sehemu ya pafu kwa maji ya chumvi na kuhesabu seli. Kwenye pumu kali, neutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) kwa kawaida huzidi asilimia 25 ya seli hizo.

"Nyasi ni za kijani, hazina neno." Hapa ndipo penye kazi yote. Boma Rhodes, aina ya nyasi za malisho, ikifungwa na unyevu huota kuvu katikati ya robota, na chembe zake hazionekani kwa macho, lakini farasi akizivuta ndizo zinazoamsha pumu. Loweka nyasi kama nusu saa, mwaga maji, mlishe zingali na majimaji. Zikikauka vumbi linarudi, na kwenye joto huchacha baada ya saa chache. Ziweke chini, si kwenye wavu usawa wa pua, ili makamasi yapate kushuka. Saisi afagie banda wakati farasi yuko nje. Na jirani yake wa banda la pili naye alishwe hivyohivyo, kwa kuwa hewa wanagawana.

"Dawa zitamponya." Pumu kali haiponi, hutulizwa. Steroidi hupunguza uvimbe, lakini vidonge vya prednisoni havifanyi kazi vizuri kwa farasi. Prednisoloni ndiyo inayofyonzwa. Klenbuterol hufungua njia za hewa, ila ikitumika peke yake hupoteza nguvu ndani ya wiki chache. Steroidi na klenbuterol zote zina masharti kwenye mashindano ya mbio, basi mwambie daktari mapema tarehe ya mashindano.