Ubunifu ni nini hasa?

Ubunifu ni neno lililozaliwa na kitenzi buni: kutunga au kuanzisha kitu ambacho hakikuwapo. (Buni ya kahawa ni habari nyingine kabisa, na mbuni yule ndege vilevile.) Siku hizi neno hili limeajiriwa ofisini. Tuna wabunifu wa mavazi, wabunifu majengo, tuzo za ubunifu, na kwa kuwa kila tukilisikia limeandamana na cheo, wengi hujitoa mapema: "Aa, mimi si mbunifu." Lakini lugha yenyewe haikumbagua mtu. Mtoto aliyechelewa kurudi dukani hubuni kisingizio kabla hajafika mlangoni, tena chenye mashahidi.

Kwa maana yake pana, ubunifu ni namna ya kuishi: kukitazama kilicho mbele yako kwa utulivu, mpaka uone kwamba kinaweza kuwa vingine. Kipaji kinasaidia, sikatai. Ila kutazama ndiko kunakotangulia.

Chukua leso. Husimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso, vile vitambaa vya mkononi, zikiwa bado kwenye jora, hazijakatwa moja moja. Walikata vipande vya leso tatu tatu, wakashona viwili pamoja, wakapata nguo ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaanza kuleta nguo nzima iliyokwisha kuchapwa. Ndiyo kanga hii, na Mombasa hadi leo wanaiita leso. Jina la aliyeshona ya kwanza halikubaki.

Wala vifaa si kikwazo kikubwa tunavyodhani. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, alipaka rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Mng'ao wa rangi ile ukawa ndio alama ya picha zinazobeba jina lake.

Utulivu ninaousema mimi niliuona kwa bibi, akisuka ukili, ule mkanda mrefu unaoshonwa kuwa mkeka. Chane za ukindu zimelowekwa zilainike, nyingine zimechemshwa na rangi. Vidole vinapishana vyenyewe. Macho yanafuata ua linavyojitokeza. Ukimsemesha anakujibu, hata umbea anapokea, ila akifika penye kubadili rangi ananyamaza, nawe unajua usubiri. Akikosea chane moja, mara nyingi hufumua. Siku moja hakufumua. Aliliangalia kosa lake kwa muda, akasogea mbele kidogo, akakosea tena vilevile kwa makusudi, kisha tena, na tena, hadi mwisho wa ukili.

Mkeka huo tunao bado. Wageni wakikaa juu yake huuliza ua lile linaitwaje.